Mahali pa Kisu

Msomaji asiulize mji huu uko wapi. Waliomo ndani yake nao waliwahi kuuliza, wakachoka, na uchovu wao ndio hadithi yenyewe. Mji ulikuwapo tu, umejikunja juu ya nafsi yake, hauna nje. Aliyetembea vya kutosha kuelekea upande wowote alijikuta anatokea mlangoni kwake, viatu vimelika soli, na chai aliyoiacha jikoni bado ina moto. Au imepoa kabla hajaipika. Wakati katika mji ule ulikuwa na tabia ya mgeni asiyejua kuaga: unasimama, unakaa tena, unasimama, na wenyeji wanabaki wameshika mlango.

Sheria ilikuwa moja, na hiyo moja ilitosha kuwachosha wote. Kila mtoto anayezaliwa hupewa nusu ya mahali pa mama yake. Mashamba yalikwisha zamani, nyumba nazo zikaisha. Kilichogawanywa sasa ni mahali penyewe, ule upana anaoutumia mtu ili awepo. Mama anabaki na nusu, mtoto anachukua nusu, na mtoto huyo akija kuzaa naye hukatwa vivyo hivyo. Baraza, lililokaa katika uwanja mpana ambao haujapata kukatwa, liliwatuliza watu kwa maneno mawili tu: nusu haiishi. Chukua kitu chochote, kikate katikati, utapata nusu. Ichukue nusu, ikate, utapata nusu yake. Kata mpaka kiganja kiote sugu, daima ipo nusu nyingine inakungoja. Kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kulalamika kwamba amekosa pa kukaa. Watoto walifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kunawa mikono. Ile methali isemayo hakuna marefu yasiyo na ncha iliondolewa vinywani mwa watu kwa tangazo, na bibi mmoja aliyejisahau akaisema msibani alipunguziwa robo ya pale alipokuwa amekalia.

Aliyekata alikuwa Machano. Kabla ya kazi hii alikuwa mtu mrefu. Sasa alikuwa mrefu aliyekunjwa, maana mgawaji huingia vyumbani mwa watu, na vyumba vya watu vilikuwa vimeshakuwa vidogo kuliko salamu. Kwingineko husema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika mji ule mwenye kisu hakuwa hata na pa kuutafunia mfupa. Mila ilisema mwenye kisu hana fungu, asije akajipendelea, na hivyo siku Machano alipokipokea kisu alinyang'anywa chote alichokuwa nacho, wakapewa wengine. Tangu hapo alikaa, alipokaa, mahali pa mtu mwingine na kwa ruhusa yake, na kukaa kwa ruhusa kunachosha kuliko kusimama. Usingizi aliuiba akiwa ameegemea ukuta wa uwanja wa Baraza, yeye upande wa nje, kisu kimelazwa upande wa ndani.

Kisu kilikuwa na mahali, ndiyo. Watu walilijua hilo na hawakulicheka, kwa sababu lilikuwa na maana yake. Kisu kile hakikukata kwa kusukumwa. Kilikata kwa kuwekwa. Popote kilipotuliwa paliachana pande mbili, pawe pa mtu au pa kuku. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hapakuachana, nalo ni jiwe bapa katikati ya uwanja. Wazee wa Baraza walisema jiwe na kisu vilitoka mwamba mmoja, na kitu hakiwezi kujikata kitako. Basi kisu kilikuwa ama mkononi mwa mgawaji ama juu ya jiwe, hakuna pa tatu. Jiwe lenyewe lilikuwa refu. Mtu mzima angeweza kunyoosha miguu juu yake na bado ikabaki nafasi ya kuweka bakuli la uji. Hakuna aliyewahi kunyoosha.

Machano alitaka kitu kimoja duniani, nacho ni kukilaza kisu kile mara ya mwisho, kisha akae chini. Hakutaka kulala wala kula. Kukaa tu, makalio yaguse mahali ambapo hakuna mtu atakayeingia na kukohoa kikohozi cha kumkumbusha. Na hatimaye alikuwa ameahidiwa. Mjumbe wa Baraza, Bwana Kitwana, mtu nadhifu ambaye hata hasira zake zilikuwa zimepigwa pasi, alimwambia kwamba limebaki fungu moja. Akimaliza hilo atakilaza kisu jiweni, mwingine atakiokota, na yeye atapewa pa kukaa, padogo lakini pake. Machano aliitikia upesi kuliko heshima inavyoruhusu. Alikuwa ameshageuka kuondoka ndipo alipokumbuka kuuliza mtoto ni wa nani, na akaambiwa ni wa Riziki, binti wa Sikudhani, na Sikudhani ni dada yake mwenyewe, tumbo moja, titi moja.

Asubuhi ile, kama ilikuwa asubuhi, alikwenda kwa dada yake. Njia ilipungua kadiri alivyoikaribia nyumba. Mtu asiyeujua mji angedhani ni njia nyembamba. Machano alijua kwamba ni njia iliyobakiwa na kidogo. Katika sehemu kama zile mwendo wenyewe hukatika. Unainua mguu hapa, halafu uko pale, na ule utelezi wa katikati, ambao mtu wa uwanjani huuona kuwa haki yake, haupo. Alipokuwa kijana alidhani ni macho yake. Baadaye akadhani ni njaa. Sasa alikuwa ameacha kudhani, alitembea tu, hapa, pale, hapa, kama mtu anayevuka maji kwa mawe.

Mlangoni alisikia kwanza kimya, na akakitambua. Ni kimya cha wanawake wanaopokezana mtoto. Mila ilisema asiyekatiwa hawekwi chini, kwa kuwa atawekwa wapi? Hana mahali, kumlaza ni kumlaza katika pa mtu, na huo ni wizi hata kama mwizi bado hajaota meno. Tena hapewi jina, maana jina huitwa mtu akiwa mahali fulani. Basi tangu azaliwe, mtoto wa Riziki alikuwa mikononi. Majirani walikuja kwa zamu, mmoja anampokea, mwingine anakwenda kupika, wa tatu anajinyoosha vidole vilivyokufa ganzi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli kila aliyempokea alimwona mwepesi. Lakini usufi ule ulikuwa na desturi ya kugeuka jiwe kabla zamu haijaisha.

Kuhusu uzito ule Machano alikuwa na mawazo yake, aliyoyaokota katika miaka ya kuingia na kutoka. Vitu haviangushwi na mtu, aliwaza. Kitu huelekea pale wakati unapotembea polepole zaidi, basi. Uwanjani kwa Baraza wakati ni mwepesi, unakimbia, na watu wake wanatembea juu juu, hata vumbi halina haraka ya kutua. Huku vyumbani, ambako mahali pamekatwa na kukatwa, wakati umechoka, unajikokota, na kila kitu kinamwegemea yule aliyechoka kabla yake. Ndiyo maana kijiko kilikuwa kizito. Ndiyo maana Sikudhani, mdogo wake kwa kuzaliwa, alikuwa na uso uliozeeka kuliko wake.

“Umekuja,” Sikudhani alisema, bila lawama. Mtoto alikuwa mikononi mwake.

Riziki alimwamkia mjomba wake kutoka pembeni, magoti kidevuni, mgongo umeshonwa ukutani, kwa sababu mahali pake palimtosha hivyo tu. Alisema kwamba anakumbuka kumzaa mtoto lakini hakumbuki kama uchungu ulikuja kabla au utakuja baada, na akaomba radhi, kana kwamba ni jambo la utovu wa adabu. Machano alimwambia si kosa lake. Mahali pakiwa padogo kiasi kile, kabla na baada hukosa pa kusimama, zikagongana mlangoni. Riziki aliitika kwa kope.

Akapima. Mgawaji hapimi kwa kamba wala kwa jicho. Hugonga kwa kifundo cha kidole cha kati, halafu hunyamaza. Mahali panapokatika huitika mara mbili, kila nusu kwa sauti yake, moja nyembamba kidogo, na mgawaji aliyekomaa husikia hata mpaka utapita wapi kabla hajatoa kisu. Machano aligonga hewa ile iliyo mbele ya magoti ya Riziki. Paliitika mara moja.

Aligonga tena. Wanawake walikuwa wanamtazama. Mara moja, fupi, kamili.

Sauti ile alikuwa ameshaisikia, kwa Ngwali mwashi na mkewe Mwanaharusi, mtoto wao wa mwisho alipozaliwa. Siku ile aligonga mahali pa Mwanaharusi pakaitika mara moja, akaenda akamwambia Bwana Kitwana, na Bwana Kitwana akamjibu kwa upole kwamba sikio nalo huzeeka. Akarudi akakilaza kisu. Kisu kilikataa kuzama. Kiliteleza kwenye ubavu wa kile kisichokatika mpaka kikaangukia kwenye kiungo, pale ambapo mahali pa mke palikuwa pameshikana na mahali pa mume, na pakaachana papo hapo. Tangu siku ile Ngwali na Mwanaharusi wanakaa mgongo kwa mgongo kitandani, kila mmoja anasikia kikohozi cha mwenzake, na hawafikiani. Mwanaharusi akigeuka, hakuna upande wa kugeukia. Aliwahi kutoka ili amfuate mumewe kwa kuzunguka mji mzima, akatembea hadi viatu vikaisha, akatokea upande wake uleule wa kitanda. Mtoto naye hakupata kitu. Baraza lilitangaza kwamba fungu lilikatwa vizuri, na watu wakapiga makofi, kwa kuwa mikono ya watu ikikosa pa kukaa hupiga makofi.

Machano alibaki amechuchumaa, kifundo cha kidole hewani. Hadithi hii ingeweza kuendelea kwa kusema alifikiri, lakini kufikiri ni neno la watu wenye nafasi. Yaliyompata yalimpata kwa vipande.

Punje. Hii ni punje.

Haiko mahali. Yenyewe ndiyo mahali. Ukiuliza iko wapi, umeuliza wapi iko wapi.

Haina ndani. Kisu hakikosi makali, kinakosa pa kuingilia.

Walitwambia mahali ni sinia, na sisi ni wali. Uongo. Ondoa wali, sinia nalo haliko. Haba na haba hujaza kibaba, haya, na kibaba nacho kumbe ni haba zenyewe, zimekumbatiana.

Basi kinachofanya upana ni kukumbatiana. Huyu ameshikana na yule, yule na yule. Ujirani. Ukikata hapa hukati kitu, unakata jirani.

Nitamkata Riziki na mwanawe. Watasikiana wakilia.

Nimechoka.

Nikisema ndiyo, nitakaa.

Alisimama, kichwa kikagonga dari, akawaambia hapakatiki. Aliwaeleza polepole, kwa kuwa lilikuwa jambo geni na yeye mwenyewe alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza likitoka nje ya kichwa: kwamba hii ni punje ya mwisho, haina nusu, na kisu kikiwekwa hapa kitateleza kama kilivyoteleza kwa Ngwali, ila safari hii kitaangukia kati ya mama na mtoto. Majirani walishika midomo. Riziki hakulia. Alisema basi asikatiwe, atambeba mwenyewe, ng'ombe haelemewi na nunduye. Hapo ndipo Sikudhani alipozungumza, akimhamisha mtoto kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza maneno yote mengine.

“Haelemewi, mwanangu. Lakini ng'ombe hulala nayo.” Kisha akamgeukia kaka yake. “Mimi hesabu za Baraza sizijui, kaka. Najua mikono hii itamwangusha. Leo au kesho, mmoja wetu atasinzia. Niambie tumlaze wapi.”

Machano alisema waziwazi kwamba hajui. Akasema twendeni Barazani.

Wakaenda, Machano mbele na kisu chake, Sikudhani na mtoto, Riziki akijikunjua kwa maumivu kadiri njia ilivyopanuka, na nyuma yao wanawake wa zamu, maana hakuna aliyejua safari itakula mikono mingapi. Walipofika uwanjani mahali palifunguka ghafla, na baadhi yao wakapata kizunguzungu. Kulikuwa na hatua zilizokamilika pale, zenye mwanzo na katikati na mwisho. Mwanamke mmoja alitembeza mkono wake mbele ya macho yake, kwenda na kurudi, akautazama unavyoteleza, akatokwa na machozi. Wengine wakamtazama kwa aibu kidogo, kama watu waliokuja harusini na jamaa aliyeanza kula kabla ya kukaribishwa.

Bwana Kitwana aliwapokea kwa heshima. Watu wa Baraza hawakuwa wakali; ukali ni wa wenye wasiwasi. Alimsikiliza Machano mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Machano hakukitarajia, nacho ni uchovu. Machano alipata hisia ya ajabu kwamba wakati fulani, kabla au baada, walikuwa mtu mmoja, na kwamba aliyegawa uchovu ule hakugawa nusu kwa nusu.

“Nakuamini,” Bwana Kitwana alisema, kwa sauti ya chini ambayo haikufika kwa wanawake. “Hukuwa wa kwanza kunieleza. Mgawaji aliyekutangulia alisikia ulilosikia wewe. Lakini fikiri, Mzee Machano. Ukisema ipo punje, umesema mahali pana idadi. Nusu haiishi, basi hakuna mwenye nyingi wala kidogo, kila mtu ana nusu yake. Idadi ikishakuwapo, mtu ataangalia uwanja huu aulize umechukua punje ngapi.”

“Na mtoto?”

“Mtoto atakatiwa. Kikiteleza, kimeteleza. Watu watapiga makofi.” Akamwangalia, na huruma yake ilikuwa ya kweli, hilo lazima lisemwe. “Umechoka. Usikate wewe, kama mkono umekataa. Kilaze tu kisu mahali pake. Mwenzako yuko tayari, atakiokota, atakwenda kumaliza. Nawe nitakupa pa kukaa, kama tulivyosema. Ahadi ni deni.”

Mwenzake alikuwa amesimama kando ya jiwe, mtu wa makamo mwenye mabega ambayo hayajakunjwa na kitu, amejifunga kibwebwe tayari kwa kazi. Alimwamkia Machano kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeamini nusu haiishi kwa sababu hajawahi kugonga.

Machano akaanza kutembea kuelekea jiweni. Ulikuwa mwendo mfupi, na katika uwanja ule wenye wakati mwepesi ungemalizika mara moja, lakini kwake yeye ulirefuka. Alijiona akifika. Alijiona akikilaza kisu, akikaa chini kwenye kipande chake, mgongo ukinyooka mfupa mmoja mmoja, na mtu fulani akimletea maji. Aliona yote hayo yakiwa yameshatokea, na akayapenda kwa mapenzi ya aibu. Aliona pia, upande wa pili wa starehe ile, chumba kidogo ambamo Riziki amekunjwa na mtoto analia karibu na shingo yake, karibu kabisa, na hakuna njia ya kufika. Vyote viwili vilikuwa vinangoja. Hakuna kilichotangulia. Watu hudhani njia panda ni barabara mbili. Ni miguu miwili ya mtu mmoja, na yote inauma.

Alifika kwenye jiwe. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, mazoea tu. Liliitika mara nyingi sana, kama vile umegonga mlango wa nyumba yenye watu, na kila chumba kikasema karibu.

Hapo Machano akakihamishia kisu mkono wa kushoto, akageuka, akamwambia Sikudhani asogee. Sikudhani alisogea. Akampokea mtoto kwa mkono mmoja, kwa namna mbaya, namna ya mwanamume ambaye hajawahi kushika zamu, hata mwanamke mmoja nyuma akasema shika kichwa, shika kichwa. Akashika kichwa. Akainama na kumlaza juu ya jiwe.

Mtoto alinyoosha mguu mmoja, akauacha. Akanyoosha wa pili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa mzito kwa kitu kisichochoka, na uso wake ulikunjuka taratibu. Alilala kabla mtu hajapata la kusema.

Bwana Kitwana alikwenda mbio mpaka kando ya jiwe na hapo akasimama, mikono imenyooshwa, haina la kufanya. Mtoto aliyelazwa hainuliwi ila na mama yake. Mila hiyo Baraza lenyewe liliitunga, likihofia ndugu wachoyo wasije wakamng'oa mtoto mahali pake. Na mahali pa kisu hapakatiki kwa kisu. Alizunguka jiwe upande huu na upande ule akitafuta kosa katika jambo lile, na Machano alimwonea huruma, kwa sababu alijua jinsi inavyochosha kutafuta pa kuingilia kwenye kitu kisicho na ndani. Kisha Bwana Kitwana akatulia. Akauliza swali lililobaki, na aliliuliza kwa sauti ya kawaida, karibu ya kirafiki.

“Na hicho utakiweka wapi?”

Machano akakitazama kisu. Kilikuwa mkononi mwake, kama kilivyokuwa siku zote, ila siku zote kulikuwa na jioni ya kukilaza. Sasa hapakuwa na pa kukitua katika mji mzima. Akikiweka kwenye vumbi, vumbi litaachana na nyumba zilizoshikana nalo. Akikiegemeza ukutani, ukuta utakuwa kuta mbili zisizojuana. Alikuwa amelitoa jiwe pamoja na kukaa kwake. Mtu aliyejifunga kibwebwe alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Kumpokea mgawaji kisu chenye pa kulala ni kazi. Kumpokea kisu kisicho na pa kulala ni jambo jingine, na mabega yake mazima yalilielewa hilo upesi. Machano hakumlaumu. Aliukaza mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, na uzito wa kisu ukaanza kushuka taratibu kwenye kiwiko, begani, kiunoni. Alifikiri: basi ni hivi. Nitasimama.

Riziki alikuwa ameinama juu ya jiwe, midomo sikioni mwa mtoto, anampa jina. Hakuna aliyelisikia, na hakuna aliyeuliza. Wanawake wa zamu walikuwa wamesimama na mikono mitupu inayoning'inia, wanaitazama, hawajui waifanyie nini. Mmoja alikuwa bado anabembea kiuno, kushoto, kulia, bila mtoto. Nyuma kabisa alikuwapo Mwanaharusi, mke wa Ngwali, ambaye hakuna aliyemwona akija. Mkono wake mmoja alikuwa ameuweka nyuma, wazi, kama alivyozoea kuuweka kitandani, endapo siku moja utaguswa.

Sikudhani ndiye aliyeanza. Alimwendea kaka yake, akasimama mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

“Lete.”

Machano alimwambia hapana. Alimkumbusha mila, kwamba mwenye kisu hana fungu, akikishika tu, kile kidogo alichobakiwa nacho hakitakuwa chake. Sikudhani alisema anajua. Alisema kwa wakati atakaokishika, pale anapokaa hapatakuwa na mtu, na mahali pasipo na mtu panaweza kukaliwa na mtu. Kisha atachoka, atampa huyu, na pa huyu patakaliwa. Na huyu atampa yule. Alikuwa akieleza jambo la jikoni, nani anakoroga na nani anakwenda kuchota maji, na nyuma yake wanawake walikuwa wameshaanza kunong'onezana nani atamfuata nani. Bwana Kitwana alifungua kinywa, lakini hakukuwa na mila inayokataza zamu. Hawakuwahi kuifikiria, kwa kuwa kila aliyepata kushika kisu kabla ya hapo alikishika peke yake.

“Mikono yetu imeshazoea, kaka,” Sikudhani alisema. “Lete, kabla hujakiangusha.”

Vidole vya Machano havikukubali kufunguka. Ilibidi dada yake avifungue, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akivifungua utotoni alipoficha kipande cha muwa. Kisu kikahama. Mikono ya Sikudhani ilishuka kidogo, ikajua uzito, ikapanda tena.

Kisha akamwonyesha kwa kidevu pale alipokuwa amesimama yeye, kipande cha mahali pake alichokuja nacho, hakikuwa kikubwa. Machano akakiangalia kwa muda. Hapakuwa na aliyekohoa. Akainama, akashika magoti yake, na taratibu, kwa sababu mwili ulikuwa umesahau jinsi ya kulifanya jambo lile, akakaa chini.